Bibi Taratibu na Bwana Mbio

Ukiingia kwa yule daktari wa meno, ukapita chumba cha kungojea, ukapita na chumba chenye kile kiti cha kulazia wagonjwa, ulikuta mlango mwembamba usioandikwa kitu. Nyuma yake alifanya kazi mwanamke ambaye watu wote walimwita Mama Meno. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Daktari alichukua umbo la kinywa cha mgonjwa, yeye akalimwagia plasta, ikiganda akapata ufizi mweupe mgumu kama jiwe. Juu ya ufizi huo aliweka nta, na ndani ya nta akapanda meno, moja moja, hili akiliinamisha kidogo, lile akilizungusha kidogo, maana meno yaliyonyooka yote kama askari wa gwaride hayamdanganyi mtu. Wagonjwa waliingia wameziba midomo kwa viganja, wakatoka wanacheka. Wachache sana walijua kicheko chao kimetoka wapi.

Jina lake lilianza kwa utani. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto, na siku moja msichana mpya wa mapokezi alimwuliza, "Samahani mama, wewe ni mama nani?" Naye, bila kuinua macho, akajibu, "Mama Meno. Wanangu hawa hapa mezani, wote wamelala." Watu wakacheka, na jina likaganda kama plasta. Aliporudi nyumbani siku hiyo hakumwambia mumewe watu walicheka nini.

Mumewe naye alikuwa na jina la kupewa. Alikuwa fundi wa kusawazisha sauti za piano, katika ukumbi wa mji, mashuleni, makanisani, na katika nyumba chache za watu walioweza kuwa na kitu kama hicho sebuleni. Walimwita Fundi Nyuzi. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyokaa mwilini mwake kama ya kuazima. Mwenyewe hakujua kupiga piano zaidi ya vidole viwili vitatu vya kujaribia. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: alikusanya santuri.

Na si santuri za kila aina. Alikusanya za kipande kimoja tu, konseto moja ya zamani, utungo mrefu wenye sehemu tatu ambamo mtu mmoja anapiga piano mbele, na nyuma yake okestra nzima inampokea, inamkatiza, inamsubiri. Aliisikia mara ya kwanza akiwa amekaa nyuma ya pazia la ukumbi, siku aliyoitwa kukaza waya mmoja uliolegea kabla ya onyesho. Tangu siku hiyo, kila alipokuta santuri ya konseto hiyo iliyopigwa na mtu mwingine, aliibeba nyumbani kama mtu aliyeokota kifaranga njiani.

"Umenunua tena wimbo uleule?" mkewe alimwuliza.

"Si uleule."

"Jina si hili hapa, limeandikwa sawasawa na la juzi?"

"Jina ndilo. Sasa nikuulize. Wewe na wifi yako si wote mnapika maharage? Mbona mimi nikitia kijiko cha kwanza tu mdomoni najua leo nani alikuwa jikoni?"

Hapo alikosea. Wifi, yaani dada yake huyo huyo Fundi Nyuzi, alikuwa amekaa pale pale akikunja nguo, naye akauliza kwa utulivu wa kutisha, "Na ya nani yanalika zaidi?" Mama Meno naye akaweka mikono kiunoni. Fundi Nyuzi akacheka, akachukua kofia, akasema kuna piano inamsubiri shuleni, ingawa siku yenyewe ilikuwa ya likizo.

Wifi huyo alihamia kwao alipostaafu. Alikuwa karani wa posta maisha yake yote, mjane wa siku nyingi, na mwanawe wa pekee alikuwa ameajiriwa mji mwingine wa mbali. Alizungumza kama mtu anayetuma simu ya maandishi: maneno machache, yote ya lazima. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na jiko moja, na mwenye kujua maisha ya wifi na wifi chini ya paa moja hahitaji kuelezwa zaidi. Hawakugombana kwa kelele. Waligombana kwa vifuniko vya sufuria, kwa kamba ya kuanikia nguo, kwa dirisha la kufungwa au la kuachwa wazi. Fundi Nyuzi alikaa katikati yao kama ukuta ulioshika nyumba mbili.

Siku moja asubuhi ukuta huo ukaanguka. Mfagiaji wa ukumbi alimkuta ameketi kwenye kiti cha piano, kifuniko kikiwa wazi, ameegemea mbele kama anayesikiliza kitu kilicho chini kabisa. Moyo ulisimama. Mkononi alikuwa bado ameshika ufunguo wake wa kukazia nyuzi, na ilibidi wamfungue vidole.

Watu walikuja, wakalia, wakapika, wakaosha vyombo, wakaondoka. Ndipo kimya kilipoingia nyumbani na kuvua viatu. Wale wanawake wawili walisalimiana asubuhi, wakaagana usiku, na katikati hapakuwa na neno. Hata ugomvi wa vifuniko ulikoma, jambo ambalo Mama Meno aliliona baya kuliko ugomvi wenyewe. Kazini alipanga meno ya watu, akayang'arisha, akayaweka ndani ya maji. Akirudi alikula amesimama jikoni. Wifi alikula chumbani kwake. Kila mmoja aliosha sahani yake.

Ilikuwa Jumapili moja mchana, Mama Meno amejilaza, aliposikia gramafoni inalia sebuleni. Aliinuka kama aliyechomwa sindano.

"Nani kakuruhusu?" alisema akiwa mlangoni.

Wifi alikuwa ameketi wima kwenye kochi, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni. "Ni santuri za kaka yangu," akajibu. "Natafuta mpigaji ambaye kaka alimpenda kuliko wote."

"Aliyempenda ninamjua mimi. Na si huyo uliyemweka."

"Ni huyu."

"Si huyu! Huyu anakimbia kama amesikia nyumba yake inaungua. Mume wangu alimpenda yule bibi." Akaenda mwenyewe kwenye rafu, akazipekua, akatoa santuri yenye jalada la kijivu na picha ya mwanamke mzee aliyeinamisha kichwa. "Huyu. Aliniambia kwa mdomo wake."

"Na mimi aliniambia kwa mdomo wake. Huyu."

Wakatazamana. Mama Meno aliona midomo ya wifi yake inatetemeka, akajua na yake inatetemeka pia. Hakuondoka. Akakaa upande wa pili wa kochi, mbali kadiri kochi lilivyoruhusu, akasema, "Haya. Mwache amalize. Kisha tutamsikiliza wangu."

Ndivyo walivyoanza. Majina ya wapigaji yalikuwa ya kigeni na marefu, hakuna kati yao aliyeweza kuyatamka bila kujing'ata, kwa hiyo wakawapa yao. Yule wa wifi wakamwita Bwana Mbio. Yule wa Mama Meno akawa Bibi Taratibu. Palikuwa na Mpasua Kuni, aliyezipiga noti kana kwamba ana kisasi nazo. Palikuwa na Kijana wa Machozi, ambaye Mama Meno alisema angemchapa kibao kama angekuwa mwanawe, maana alilia hata mahali ambapo hapakuwa na msiba.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya sehemu ya pili. Hapo okestra yote, fidla na wenzake, inazungumza kwa sauti nzito na kali, kama baba mwenye nyumba aliyekuta mlango haukufungwa. Piano inajibu peke yake, kwa sauti ndogo. Okestra inakaripia tena, piano inajibu tena. Mwisho ule ukali unapungua kidogo kidogo, hadi mwenye kukaripia ananyamaza mwenyewe.

Bibi Taratibu, kabla ya kila jibu, aliacha nafasi. Si ndefu sana, lakini uliisikia. "Umesikia pale?" Mama Meno alisema akiinua kidole. "Umesikia? Anameza mate kwanza. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe, msikie anavyomeza mate kwanza. Huyu ni mtu aliyeumizwa, na hataki jibu lake liumize mtu."

"Kachelewa tu," wifi alisema.

"Kachelewa nini! Wewe posta imekuharibu. Kila kitu kwako kimechelewa au kimewahi."

Bwana Mbio hakuacha nafasi yoyote. Okestra ilipofunga mdomo tu, yeye alikuwa ameshaingia, sauti ileile ndogo, bila haraka ya kelele, ila bila kusita. "Kaka alisema, huyu haombi, anajibu," wifi alieleza. "Kakaripiwa maisha yote. Jibu analo tayari."

Mama Meno alikumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akinyamaza kabla ya kumjibu jambo zito, mikono ile mikubwa ikipapasa magoti. Yule ndiye mtu aliyeishi naye. Wifi naye alimkumbuka mvulana wa nyumbani kwao aliyepigwa na baba na kujibu hapo hapo, macho makavu, kwa sauti ya chini iliyomfanya baba ashushe fimbo. Mtu huyo Mama Meno hakuwahi kumwona. Mara ya kwanza aliposimuliwa habari hiyo alisema, "Hebu mrudishe Bwana Mbio. Pale mwanzo wa sehemu ya pili."

Ikawa ndiyo desturi ya Jumapili zao. Siku nyingine za wiki waliishi kama zamani, kila mtu na sufuria yake. Lakini Jumapili mchana mmoja alifuta vumbi kwenye gramafoni na mwingine akafunga dirisha ili kelele za mtaani zisiingie. Juu ya marehemu hawakuzungumza hata mara moja bila santuri kuwa inazunguka, au imeisha punde tu. Hawakuombana radhi kwa yaliyopita, wala hakuna aliyemwita mwenziwe rafiki. Ungewauliza, kila mmoja angekuambia anamvumilia tu mwenziwe.

Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Kisha mwana wa wifi akaja, na gari la kuazima.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Mama Meno, akikaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuvunja ahadi. Alieleza kwamba mkewe amejifungua mapacha, na wale wakubwa bado wadogo, na yeye na mkewe wote wanafanya kazi. "Tumeona bibi yao awe karibu. Na yeye mwenyewe umri unakwenda."

"Wameniita," wifi alisema, neno moja tu, akimtazama Mama Meno usoni muda mrefu kuliko kawaida yake.

Mama Meno alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa neno fupi, hata karani wa posta asingelikata: usiende. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe inauliza, "Utachukua shuka zako zote, au nyingine utaziacha?"

"Zote," wifi akajibu, akageuka kwenda kufunga mizigo.

Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa garini, wifi alisimama mbele ya rafu ya santuri. "Nipe moja."

"Mchukue Bwana Mbio wako. Nilishamtoa vumbi."

"Hapana. Nipe Bibi."

"Bibi ni wangu!"

"Ndiyo maana," wifi akasema.

Mama Meno alitaka kukataa, na alitaka pia kuuliza, lakini kijana alikuwa anapiga honi kwa adabu, mara moja, kidogo. Akatoa ile santuri yenye jalada la kijivu, akaifunga kwa taulo ili isivunjike njiani, akamkabidhi. Walishikana mikono. Kukumbatiana hawakuwa wamezoea.

Sasa basi, upweke una namna nyingi, na Mama Meno alidhani amekwisha kuzijua zote. Alijua upweke wa kitanda kisicho na mtu upande wa pili. Alijua ule wa mwanamke anayeulizwa ana watoto wangapi. Huu mpya hakuujua. Jumapili ya kwanza alifunga dirisha, akamweka Bwana Mbio, akaketi upande wake wa kochi. Ilipofika sehemu ya pili, pale pa jibu la kwanza, kidole chake kikainuka chenyewe hewani. "Umesikia pale?" Akakishusha. Santuri ikaendelea mpaka mwisho, sindano ikafika kwenye ule mfereji wa ndani ikawa inakwaruza, kwaru, kwaru, na hakuwa na nguvu za kwenda kuinyanyua.

Alijaribu kutafuta mtu mwingine. Daktari wa meno alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye kupenda kuimba akiwa anang'oa jino. Mama Meno akamkaribisha na mkewe kwa chai ya Jumapili. Akawawekea Bwana Mbio, kisha Mpasua Kuni, sehemu ya pili tu, asije akawachosha.

"Mnaonaje?" aliuliza, akinyanyua sindano.

Daktari alikuna kidevu. "Tamu sana, Mama Meno. Tamu kweli. Na wa pili naye aliimba wimbo gani?"

"Ni uleule, daktari."

"Uleule! Ala!" Akacheka kwa moyo wote. "Basi mimi masikio yangu yamejaa mlio wa ile mashine yangu. Kwangu mimi piano ni piano, ilimradi haina jino lililotoboka." Mkewe akamfinya, naye akaongeza upesi, "Lakini tamu!" Wakanywa chai, wakasifu mapazia, wakaenda zao. Walikuwa wageni wazuri. Aliposhika vikombe vyao kuvipeleka jikoni, Mama Meno alijikuta analia, na alijikasirikia kwa sababu hawakuwa wamemfanyia ubaya wowote.

Wifi alipigiwa simu, naye alipiga. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi. Watoto hawajambo. Mvua imenyesha. Goti linauma. Siku moja Mama Meno alijaribu kuweka simu karibu na gramafoni ili wifi asikilize, na wifi akasema ni kama nyuki ndani ya kopo, kisha mtoto akaangusha kitu huko na simu ikakatika. Alipouliza, "Bibi yuko salama? Unamsikiliza?" wifi alijibu, "Yuko salama." La pili hakulijibu.

Basi akapiga moyo konde, akaomba ruhusa kazini, akapanda basi kwenda kumwona. Safari ilikuwa ya kutwa nzima. Alikuta nyumba yenye rangi za watoto ukutani, televisheni inayosema peke yake, nguo ndogo zimeanikwa hata kwenye viti. Na katikati ya fujo hiyo alimkuta wifi yake ameketi sakafuni. Sakafuni! Mwanamke ambaye hajawahi kukaa ila wima kama muhuri, miguu ameinyoosha, pacha mmoja amemlalia pajani na mwingine anamvuta sikio. Alikuwa amenenepa. Alikuwa anacheka, na Mama Meno aliyatazama meno yake kwa jicho la kazi, akatambua kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kuyaona ya nyuma.

"Wifi yangu!" alisema yule mwanamke wa maneno machache. "Jamani, wifi yangu kaja! Njooni mumwamkie!"

Walikula, wakaogesha watoto, wakazungumza mambo mengi. Kesho yake asubuhi, wenye nyumba walipokwenda kazini na mapacha walipolala, wifi alipanda juu ya kiti, akatoa juu ya kabati kitu kilichofungwa kwa taulo. Lilikuwa taulo lilelile, na fundo lilelile alilofunga Mama Meno.

"Hujamfungua," Mama Meno akasema.

"Hapa hakuna gramafoni."

"Ungeniambia. Ningekutafutia."

Wifi akaketi kitandani, akaweka kile kifurushi katikati yao. "Wifi, nikwambie kitu na usikasirike. Muziki ule haukuniingia. Hata siku moja."

Mama Meno alijihisi kama mtu anayeshuka ngazi gizani akidhani bado kuna kipandio, kumbe kimekwisha. "Na Bwana Mbio?"

"Kaka alimpenda, hilo ni kweli. Maneno yale aliniambia. Lakini mimi mwenyewe..." Akatabasamu kwa haya. "Mimi nilimpenda kwa kuwa alikuwa anamaliza mapema."

"Kwa hiyo Jumapili zote zile. Umekaa pale. Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Mimi?"

"Santuri ikiisha unaanza kusema. Yule kameza mate, yule kapasua kuni, yule analia bila msiba. Uso unawaka. Wiki nzima ulikuwa kama nyumba iliyofungwa, lakini pale ulikuwa unafunguka." Wifi hakuwa na mazoea ya maneno mengi kiasi hicho, akapumzika, kisha akamalizia. "Nilimwomba Bibi kwa sababu nilitaka kitu chako. Si cha kaka."

Mama Meno alitazama dirishani. Hakukasirika. Alitaka kukasirika na hasira haikupatikana. Alichoona ni hiki: kwamba mtu pekee aliyesikiliza pamoja naye baada ya mumewe hakuwa akisikiliza, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpenda kwa namna ya ajabu na ya subira kama ile. Mambo hayo mawili yaliingia kwa pamoja, na hakujua ayaweke wapi.

"Mchukue," wifi alisema, akimsogezea kifurushi. "Hapa anazeeka bure, na hawa watoto wakikua kidogo watamfanya sahani."

"Nawe rudi nyumbani," Mama Meno akasema. Neno lilitoka lenyewe, limechelewa kama barua iliyopotea njiani.

Wifi akageuka kuwatazama mapacha waliolala kichwa kwa kichwa. Hakujibu upesi. Alipojibu, alijibu kwa upole: "Hapana, wifi. Hapa nimefika."

Mama Meno alirudi na Bibi Taratibu mapajani, njia nzima amemshikilia kwa mikono miwili kila basi liliporuka shimo. Jumapili iliyofuata alifunga dirisha, akafungua lile fundo, akamweka. Alikuwa ameingoja saa hiyo kwa hamu ya mtu anayekwenda kumpokea ndugu stesheni.

Kikatokea kitu ambacho hakukitazamia. Okestra ilikaripia, na Bibi akanyamaza kabla ya kujibu, kama alivyonyamaza siku zote. Ila kimya kile kilikuwa kirefu mno. Zamani, ndani ya nafasi hiyo ndogo, Mama Meno alikuwa akimsikia mumewe anavuta pumzi ya kusema. Baadaye alimsikia wifi anajiweka sawa kwenye kochi akijiandaa kubisha. Sasa ndani yake hamkuwa na mtu. Bibi alijibu, akakaripiwa, akanyamaza tena, na Mama Meno akajikuta anasema kwa sauti, "Jibu basi, mama. Jibu!"

Akanyanyua sindano. Akamweka Bwana Mbio, aliyekuwa amekaa naye peke yake miezi yote ile. Okestra ikakaripia, yeye akajibu. Sauti ndogo, kavu, isiyoomba kitu kwa mtu. Mama Meno alisikiliza mpaka mwisho bila kusogea. Kumbe alikuwa amehamia kwa Bwana Mbio bila kujijua. Aliona haya, kama mtu aliyekutwa anahamisha vitu vyake kwenda nyumba ya jirani. Na chini ya haya hiyo palikuwa na jambo la kushangaza: hili halikuwa la mumewe, maana mumewe alikuwa na mapenzi yote mawili, wala halikuwa la wifi. Lilikuwa lake. Alikuwa na umri wa kustaafu, na ndiyo kwanza amechagua mwenyewe.

Alitaka mtu wa kumwambia. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, akapokea mtoto mmoja wa wale wakubwa. Bibi ametoka, mtoto alisema, wamekwenda kwa jirani, kuna mtoto mgonjwa. Mama Meno akasema haya, msalimie, akakata. Alikaa kochini mpaka mwanga ukahama ukutani. Kisha, kwa kuwa maneno yalikuwa yamemjaa kifuani, akayasema. Alisema yote, kwa utaratibu, akiinua kidole palipostahili: kwa nini nafasi ile ni nzuri kwa mtu mwenye wa kumngoja, na kwa nini mtu wa peke yake anahitaji kujibiwa mara moja. Aliyasema vizuri. Sebule ilikuwa na kochi, meza, rafu na pazia.

Jumatano, akiwa kazini, nta vidoleni, simu ikalia. Alikuwa katikati ya meno ya mbele ya mzee mmoja aliyetaka yafanane na ya ujana wake, na hakuwa na picha ya kuonyesha. Akaibana simu kati ya sikio na bega.

"Ulinitafuta," wifi alisema.

"Halikuwa jambo kubwa."

"Sema."

"Utanicheka."

"Sema basi, nakusikia."

Mama Meno akaweka kisu cha nta mezani. "Nimempindua Bibi," akaanza. "Unajua pale kwenye jibu la kwanza, pale ninapokuambia siku zote..."

Huko upande wa pili kukatokea kilio, kisha cha pili kikakipokea cha kwanza. "Ngoja kidogo," wifi alisema haraka. "Usikate. Nakuja sasa hivi. Usikate!"

Hakukata. Alisikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu. Alisikia nyayo zinakwenda, mlango, kijiko kinagonga kikombe, televisheni inatangaza hali ya hewa ya mahali asipopajua, sauti ya wifi inabembeleza kwa mbali, maneno mengi, mengi, hata hayahesabiki. Daktari akachungulia mlangoni akiwa na umbo jipya la kinywa mkononi. Alipomwona katika hali ile akaliweka taratibu mezani, akaondoka. Nta ilikuwa inaanza kuwa ngumu. Mama Meno aliinamisha kichwa, akaibana simu vizuri zaidi, akaendelea kusikiliza.